Mashine Iliyosubiri Kamati ya Mwakiro

Ukishuka kutoka mtaa wa Mushasha hapa Gitega, ukishawapita wanafunzi wenye sare na masista wenye haraka zao, utaona benchi limeegemea ukuta wa sekretaria ya Ilyasi, pale wanapochapa barua na kutoa fotokopi. Benchi lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na huo wa tofali ndio wa kuaminika. Kila asubuhi Mwajuma anatua hapo birika lake, anamimina kahawa, na sisi tunamimina mengine. Mimi wananiita Redio. Sababu yake utaiona mwenyewe. Ijumaa hiyo Elikana wa ofisi ya ushirika wa mbegu, tunayemwita Dirisha Jeusi kwa kuwa huziamrisha kompyuta kwa kuandika maneno kwenye dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, alikuwa ameshika kikombe kilichopoa na hajakipeleka mdomoni. Ilyasi naye, tunayemwita Kliki kwa kuwa yeye haandiki kitu, anabonyeza picha tu kwa kipanya, alikuwa kimya. Ilyasi kukaa kimya ni jambo ambalo benchi letu halijawahi kuliona. Ikabidi Mzee Egidius afungue kikao. Huyo tunamwita Prefe, maana alikuwa msimamizi wa nidhamu shuleni miaka thelathini, na mpaka leo anakagua viatu vyako kabla ya kukusalimu.

— Nani amekufa? akauliza Prefe.

— Mashine nne, nikamjibu.

— Za nani?

— Za ushirika wa mbegu. Tatu za hapa Gitega na moja ya Gashoho. Jumatano zimebandikwa kiraka, Alhamisi hazikuamka.

Prefe akavua kofia kwa heshima. Kisha akakumbuka kwamba hajui kiraka cha kompyuta ni kitu gani, akaivaa tena.

— Ni marekebisho, Mzee, akasema Elikana bila kuinua macho. Waliotengeneza mfumo wakigundua una tundu, wanatuma kiraka cha kuliziba. Ukiacha kubandika, wezi wanaingia. Ukibandika, kwa kawaida unalala salama.

— Na hiki?

— Hiki kilikuja na tundu kubwa kuliko lile lililotakiwa kuzibwa. Wenyewe wamekiri jana, wakakiondoa. Sisi tulikuwa tumeshabandika.

— Mise à jour, akasema Ilyasi, akikiita kiraka kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la marehemu.

Hapo nikueleze, maana usipolijua hili utadhani tunalilia vyuma. Kesho yake alfajiri lori la mbegu za maharage lilikuwa linaondoka Gitega kwenda mkoa wa Muyinga, kwanza Gashoho, halafu Mwakiro. Bila orodha ya kaya, dereva hafungui turubai. Ndivyo alivyoagizwa, na dereva yule ni mtu wa kufuata maagizo mpaka yanachoka yenyewe. Orodha hiyo Elikana na wenzake waliorudi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania waliitengeneza mwaka mzima, kilima kwa kilima, mlango kwa mlango. Wakaiweka kwenye mashine za Gitega, na kwa usalama wakaiweka pia Gashoho na Mwakiro. Sasa Gitega kumekufa, Gashoho kumekufa, na katibu wa Mwakiro, Theodosia, simu yake haipatikani tangu Jumatano. Mvua imeshaanza. Mama yake Elikana yuko Gashoho, ameshalima, anangoja mbegu.

— Na karatasi? akauliza Mwajuma. Hamuna ata karatasi?

— Ipo ya mwaka juzi, dada. Waliorudi baada ya hapo hawamo. Mama yangu mwenyewe hayumo.

Mwajuma akamwongezea kahawa ya moto juu ya ile ya baridi. Ndiyo pole yake.

Ilyasi akajikohoza.

— Bon. Mi sipendi kusema kitu siku ya matanga. Lakini iyo dirisha jeusi yako, Elikana, mi naisemaka kila siku. Unaandika maneno kama mganga, hakuna picha, hakuna rangi. Mashine iko inaogopa tu, inakubali kila kitu.

— Ilyasi ndugu yangu, tatu za Gitega umezibandika wewe, kwa kubonyeza picha. Zimekufa na rangi zake zote.

— Ni kweli. Lakini zimekufa vizuri. Kuliandikwa asante kwa skrini.

— Ningefanya kwa picha, Gashoho ingebandikwa lini? Mtandao wa kule ni mwembamba kama uzi. Mimi natuma mstari mmoja wa amri kwa meseji, katibu anaunakili kwenye dirisha jeusi, anabonyeza, kazi imekwisha. Picha zako zingefika wiki ijayo, moja moja, zimechoka.

— Voilà. Na zingefika wiki ijayo, Gashoho ingekuwa hai leo.

Elikana akakigeuza mkononi kikombe chake kilichopoa. Nilimhurumia. Ni vibaya kushindwa hoja na mtu ambaye hata yeye hakujua kwamba anashinda.

Prefe akanyoosha fimbo yake, ishara kwamba sasa tunaingia darasani.

— Mnakosea wote. Hizo mashine zimeamrishwa bila kusalimiwa. Huyu anaandika: fanya. Huyu anabonyeza: fanya. Hakuna bonjour, hakuna amahoro. Mwanafunzi ukimwamrisha hivyo asubuhi, saa nne ana homa. Nimeliona hilo miaka thelathini.

— Mi naona ni wivu, akasema Mwajuma. Mashine moja, wanaume wawili wanaituma. Ingekuwa mi, ata siamuki.

— Kila mmoja ana zake, Mama Mwajuma, akasema Elikana.

— Ndo mnasemaka wote.

Na mimi, kwa kuwa redio haiwezi kukaa hewani bila sauti, nikatoa yangu. Nikasema kiraka kile kimeshonewa nchi tambarare. Kimefika huku kwetu, kimepanda milima ya Gitega, kikapata kizunguzungu, na mwenye kizunguzungu hawezi kuziba tundu, anatumbukia humo.

— Hazikufa, akasema Prefe, ambaye hakunisikiliza. Zimegoma. Mimi nimewahi kuona bweni zima limelala mpaka saa sita mchana, macho wazi. Nendeni mkazungumze nazo. Mziulize zinadai nini.

— Niko tayari kuzipigia magoti, akasema Elikana. Mnaongea tu. Kesho saa kumi na moja lori linawashwa, na mimi ndiye nitakayempigia mama simu kumwambia lilipita na mbegu zake.

Hata Prefe aliishusha fimbo.

Hapo ndipo teksi ya Probox ya kutoka Muyinga ikasimama ng'ambo ya barabara, ikateremsha mama mmoja mwenye kikapu kichwani, kidoo cha plastiki cha lita tano mkononi, na mtoto mgongoni ndani ya kitenge. Akavuka kwa hatua za polepole, za mtu aliyebeba kinachovunjika. Mwajuma, ambaye haoni mtoto bila kumkaribisha, akamsogezea nafasi.

— Karibu mama. Ukae. Mtoto iko analala?

— Asante dada. Hapana, yuko macho. Hatukumruhusu alale.

Akatua kikapu, akapiga goti kidogo mbele ya Prefe.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba. Viatu safi. Umetoka wapi?

— Mwakiro. Natafuta ofisi ya ndugu Elikana, wameniambia nianzie benchini.

Elikana alikuwa ameshasimama.

— Dada Theodosia. Nimekupigia mara arobaini.

— Simu niliizima. Umeme wote wa jua tuliipa mashine, isije ikazimika kabla hatujaijibu.

Akafungua kitenge. Si mtoto. Ilikuwa laptopu, inawaka, na katikati ya kifuniko na kibodi limewekwa gunzi la mahindi, kama farasi aliyetiwa lijamu.

— Gunzi ni la nini? nikauliza, maana wote waliogopa kuuliza.

— Mwenyekiti wetu, Mzee Adriano, alisema ikifunikwa itadhani tumekataa.

Benchi zima tukaitikia kwa vichwa, kama watu wanaoelewa. Theodosia akabaki amesimama, akaweka mikono mbele. Mtu akileta jibu la ombi kwetu haji mikono mitupu, na halitoi ameketi. Tuliona kidoo, tukaona alivyosimama, tukajua hotuba inakuja. Prefe akakifunga kifungo cha juu cha shati.

— Nimetumwa na kamati ya Mwakiro, akaanza. Jumatano ndugu Elikana alinitumia mstari kwa meseji, nikaunakili kwenye dirisha jeusi kama kila mwezi. Kila mwezi mashine inakimbia yenyewe mpaka mwisho. Safari hii ilisimama. Ikauliza kwa Kifaransa, mwalimu akatutafsiria: Niendelee? Ndiyo au Hapana. Mimi ni katibu tu. Mashine ni ya kaya mia tatu. Nikaona siwezi kuikubalia peke yangu. Nikaitisha kamati.

— Kamati, akarudia Elikana polepole.

— Jumatano jioni hatukutimia, kulikuwa na msiba. Alhamisi tukatimia. Wawili walipinga kwanza. Walitaka kujua inaendelea kwenda wapi. Tukajadiliana mpaka giza likaingia. Mashine ilikaa mezani muda wote, inangoja. Basi kamati inasema hivi.

Akatoa karatasi kifuani, iliyokunjwa mara nne, akasoma.

— Kwanza, tunashukuru. Kambini tuliambiwa: pangeni mstari. Tuliporudi tukaambiwa: wekeni kidole hapa. Mwaka jana tuliletewa mbegu za mtama, hakuna aliyetuuliza kama tunalima mtama. Leo kitu cha ofisi kimetuuliza Ndiyo au Hapana, halafu kikangoja. Kimengoja siku mbili, hakikukasirika, hakikupiga simu. Kwa hiyo jibu letu ni Ndiyo, kwa moyo mmoja, na tunaleta mutobe, maji matamu ya ndizi zetu, ambao haujachachuka, ili Waislamu na Wakristo wanywe pamoja.

Mwajuma alifuta jicho kwa ncha ya mtandio.

Theodosia akakunja karatasi, akainama juu ya mashine, akanyoosha kidole kwenda kwenye kibodi.

Sijawahi kumwona Elikana akiruka. Kikombe kilikwenda upande wake, kahawa ikaenda yote kwenye suruali ya Prefe, na Prefe hata hakuitazama. Hapo nikajua jambo ni zito.

— Usibonyeze. Dada, nakuomba, usibonyeze.

— Lakini kamati imeshakubali.

— Kiraka ni kibovu. Mashine nne zimekufa kwa ajili yake. Ukiijibu Ndiyo, na hii inakufa.

Theodosia akarudisha kidole taratibu, akakificha ndani ya kiganja cha mkono mwingine.

— Orodha ya kaya, akasema Elikana, akiinama juu ya skrini. Imo?

— Iko pale pale siku zote. Ingekwenda wapi?

Tuliingia sekretaria wote sita na mlango ule ni wa mtu mmoja. Sasa nimpe Ilyasi haki yake. Dirisha jeusi lilikuwa limesimama upande wa kushoto wa skrini na swali lake, linapepesa. Elikana aliogopa hata kupumua karibu na kibodi. Ilyasi akachomeka kipanya, akakishika kama anavyoshika yai, akasogea upande wa kulia, kliki, akafungua jalada, kliki, akaipata orodha.

— Hii nyeusi, niifunge? akauliza.

— Usiiguse. Iache iulize.

— Sawa. Iulize tu. Mi niko huku kwa picha, sina shida na yeye.

Akainakili kwenye fleshi, akaichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe ya dukani. Kompyuta ile haijabandikwa kiraka hata kimoja tangu iingie Gitega. Ni aibu aliyotuficha miaka sita, na asubuhi ile aliitangaza kama cheti. Printa ikakohoa, ikafikiri, karatasi ya kwanza ikatoka ya moto. Elikana akaichukua kabla haijatua. Akapitisha kidole ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Kidole kikasimama.

— Emerensiana, akasoma. Gashoho. Kaya ya watu wanne.

Ni mama yake. Akaiweka karatasi mezani, akatoka nje, akakaa benchini akiangalia barabara. Tulimwacha. Mwajuma alimpelekea kikombe kipya, naye akamwambia asante. Akamwambia Ilyasi asante. Akanishukuru na mimi niliyekuwa nimesimama tu. Nadhani angelishukuru na tofali.

Karatasi zilipokwisha kutoka zote, Theodosia akafungua kidoo. Alitoa kikombe kizuri kutoka kwenye kikapu, kimefungwa kwa kitambaa, akakijaza mutobe mpaka ukingoni.

— Sasa nani kati yenu aliyetuuliza? Kikombe cha kwanza ni chake.

Tukamwangalia Elikana. Elikana akaangalia kidoo.

— Dada, mimi sina haki ya kukinywa. Mstari wangu siku zote una neno mwishoni, linaloiambia mashine: usiulize, kubali yote. Ndiyo maana kila mwezi inakimbia yenyewe. Gashoho niliwatumia mstari mzima. Wa kwenu nilikuwa nauandika hapa benchini, sijafika mwisho, Ilyasi akanigonga, meseji ikaenda bila lile neno.

Ilyasi akanyoosha shingo.

— Attends, mungoje. Donc ni kiwiko yangu. Mi ndo niliwauliza watu ya Mwakiro.

— Kiwiko yako ilikuwa inatafuta nini kule? akasema Mwajuma. Ulikuwa unanirudishia kikombe. Bila kahawa yangu, mkono ungekuwa kwa mfuko. Ni mi.

— Alikuwa anarudisha kikombe kwa hasira, akasema Prefe, na hasira hiyo niliitia mimi. Nilimwambia kubonyeza picha ni kazi ya wasiomaliza imla. Andikeni hilo kwa jina langu kamili.

— Na kwa nini alimfikia Elikana? nikauliza. Kwa sababu benchi linainama upande wa Elikana. Na kwa nini linainama? Kwa sababu mguu wa nne ni tofali. Na hilo tofali nani alilibeba kutoka kwenye ujenzi wa shemeji yake?

— We hata kubonyeza hatukuonaka, akasema Ilyasi. Uliwauliza na nini?

— Nimeuliza kwa tofali.

— Kahawa ilikuja kabla ya tofali.

— Nidhamu ilikuja kabla ya kahawa.

— Kiwiko yangu iko ya kuzaliwa nayo, iko mbele ya zote.

Theodosia alitusikiliza mmoja mmoja kwa adabu, kikombe mkononi, hamwagi hata tone. Alikuwa ametoa na daftari, ameandika mstari mmoja, amekata. Ameandika mwingine, amekata. Tulipopumua, akauliza kwa upole kabisa, kama katibu anayetaka kumbukumbu zake ziwe sawa:

— Kwa hiyo hakuna aliyekuwa amekusudia kutuuliza?

Pikipiki ikapita na mkungu wa ndizi. Ilyasi akakumbuka sala ya Ijumaa, ambayo ilikuwa bado saa nzima. Prefe akaangalia viatu, na safari hii vilikuwa vyake. Mimi nilitazama tofali langu.

Mwajuma akainamisha birika. Likatoa matone mawili na mashapo.

— Imeisha, akasema.

Theodosia akafunga daftari. Akafikiri kidogo. Halafu akaenda mpaka kwenye mashine, tuliyokuwa tumeirudisha benchini na gunzi lake pembeni, akakiweka kile kikombe cha kwanza mbele yake, wima, katikati. Ndipo akatujazia na sisi vikombe vya Mwajuma, mmoja mmoja, akianza na Prefe mwenye suruali ya kahawa, na tukapokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mutobe mtamu, wa kumfanya mtu aone aibu.

— Na hii tuijibu nini? akamuuliza Elikana, akionyesha dirisha jeusi. Bado inapepesa. Ndiyo ya kamati mimi siwezi kuigeuza.

— Kamati inakaa lini tena?

— Jumanne.

Elikana akaliokota gunzi, akalifuta kwa kiganja, akalirudisha taratibu mdomoni mwa mashine.

— Itasubiri, akasema.